Saa 7 mchana ya Washington si saa 1 jioni

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani kule Hawaii iliyoshambuliwa na Japani, niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mwandishi wenu ana mkono mzuri, ila ameteleza pasipofaa kuteleza. Ameandika kwamba Tokyo ilimwagiza balozi wake akabidhi barua ya mwisho kwa serikali ya Marekani "saa 1 jioni" ya tarehe 7 Desemba 1941. Sivyo. Ilikuwa saa 7 mchana. Nadhani alikuta tarakimu 1 kwenye maandishi ya Kizungu, akaiacha ilivyo, kisha akaibandika jioni. Ni kosa letu sote tukiwa na haraka, na wangapi wameachwa na basi kwa kosa hilohilo. Lakini hapa saa ndiyo habari yenyewe. Washington ikiwa saa 7 mchana, Honolulu kule Hawaii kwa majira ya wakati ule ilikuwa saa 1 na nusu asubuhi, na mabomu yalianza kuanguka saa 2 kasoro dakika 5. Ukiandika saa 1 jioni, meli zinakuwa zimeshazama zamani, na msomaji hawezi kuelewa kwa nini maofisa wa Washington walishtuka asubuhi ile walipoiona saa hiyo.

La pili ni kubwa zaidi. Makala imehitimisha kuwa kwa vile Wamarekani walikuwa wakizisoma barua za siri za Japani, basi Rais Franklin Roosevelt alijua Pearl Harbor itapigwa, akanyamaza. Mimi nimekula chumvi nyingi katika kazi ya simu za maandishi hapa Mombasa, na jambo moja nililojifunza ni kwamba kuinasa barua ni kazi, kuifumbua ni kazi nyingine, kuitafsiri nyingine, na kuifikisha kwa anayehusika ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote. Barua inaweza kulala popote njiani.

Tuanze na barua zenyewe. Zilizosomwa vizuri zilikuwa za Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani, zilizopitia mashine ya kufumba maandishi ambayo Wamarekani waliipa jina la Zambarau. Wataalamu wa jeshi la nchi kavu, chini ya William Friedman na Frank Rowlett, hawakuwahi kuiona mashine hiyo. Walikaa na maandishi matupu kwa takribani mwaka mmoja na nusu, mpaka Septemba 1940 mwanamama Genevieve Grotjan alipoona mpangilio ambao wenzake hawakuuona. Kisha mwenzao Leo Rosen akaiga mashine nzima kwa kutumia swichi za mitambo ya simu, zile zinazopanda hatua kwa hatua. Sisi wa zamani tunazijua kwa mlio wake. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu: siri za himaya nzima zimefunguliwa na kifaa tulichokuwa tukikipangusa vumbi!

Wajapani hata walidokezwa. Mwezi wa Mei 1941, baada ya Wajerumani kutoa tahadhari, Tokyo ilimuuliza balozi Nomura Kichisaburo kama msimbo wake ulikuwa salama. Akajibu kuwa hadhari zote zinachukuliwa. Swali na jibu vyote Wamarekani walivisoma, na mashine ikaendelea kutumika.

Sasa, ndani ya barua hizo mlikuwa na nini? Mlikuwa na subira iliyokuwa ikiisha. Tarehe 22 Novemba Tokyo ilimwambia Nomura na mwenzake Kurusu Saburo kwamba mwisho wa kupata mapatano umesogezwa hadi tarehe 29, na baada ya hapo mambo yatajiendea yenyewe. Mwanzoni mwa Desemba zikaja amri za kuharibu misimbo na mashine katika balozi kadhaa. Yeyote aliyezisoma alijua vita vinakuja. Vinakuja wapi? Hakuna barua hata moja ya Zambarau iliyotaja mahali, na sababu yake ni nyepesi: Nomura na Kurusu wenyewe hawakuambiwa. Jeshi la Majini la Japani lililinyima siri hiyo jopo zima la mabalozi wake. Mtu hawezi kuvujisha asichopewa.

Misimbo ya jeshi la majini ilikuwa kitu kingine kabisa. Ule mkuu, ulioitwa baadaye JN-25, kabla ya vita ulikuwa umefumbuliwa vipande vidogo tu, visivyotosha kusoma ujumbe. Meli sita za kubeba ndege ziliondoka ghuba ya Hitokappu tarehe 26 Novemba zikiwa kimya redioni. Tarehe 2 Desemba Edwin Layton, ofisa wa ujasusi wa Admirali Husband Kimmel, mkuu wa meli za kivita za Marekani kule Hawaii, alikiri hajui meli za Kijapani za kubeba ndege ziko wapi. Kimmel akamuuliza kama ana maana zinaweza kuwa zinazunguka Diamond Head, yaani mlangoni pao, naye asijue.

Nafungua mabano kwa ajili ya wasomaji wa Pwani, maana makala yenu imeliruka. Kundi la Waingereza lililokuwa Singapore likihangaika na misimbo hiyohiyo ya majini lilikimbilia Colombo, na Colombo iliposhambuliwa Aprili 1942, likahamia Kilindini. Ofisi yao ikawa katika jengo la shule ya Allidina Visram, pale panapotazama bahari. Ni hapa Mombasa, Novemba 1942, walipofumbua JN-40, msimbo wa meli za biashara za Japani. Kwa hiyo tunapozungumza habari hizi hatuzungumzi mambo ya watu wa mbali tu. Nafunga mabano.

Kama kuna barua za kumnyima mtu usingizi, basi ni zile za ubalozi mdogo wa Japani mjini Honolulu, ambazo mwandishi wenu amezipa mstari mmoja. Tarehe 24 Septemba 1941 Tokyo ilimwagiza balozi mdogo Kita Nagao aigawe bandari ya Pearl Harbor katika maeneo matano, A mpaka E, na aeleze manowari zipi ziko wapi, zipi zimefungwa gatini, na kama kuna mbili zilizofungwa ubavu kwa ubavu. Kwa nini mtu atake kujua kama meli zimelala ubavu kwa ubavu? Mimi si askari, lakini hilo lingenisimamisha. Aliyekuwa akijibu maswali hayo ni Yoshikawa Takeo, ofisa wa zamani wa majini aliyejificha kwa jina la Morimura ndani ya ubalozi, akiitazama bandari kutoka nyumba moja ya chai kilimani.

Ujumbe huo haukupitia Zambarau. Ulitumia msimbo wa daraja la chini, nao ukawekwa nyuma ya foleni. Ulinaswa palepale Hawaii, ila Hawaii hapakuwa na wa kuufumbua, ikabidi usafirishwe kwa posta hadi Washington. Tafsiri ilitoka tarehe 9 Oktoba. Wakubwa waliousoma walidhani ni Wajapani na udadisi wao wa siku zote. Kimmel na Jenerali Walter Short, ambao meli na askari walikuwa wao, hawakuonyeshwa. Ujumbe wa tarehe 3 Desemba, uliopanga namna ya kutoa ishara za taa kutoka nyumba za ufukweni, ulifika mezani kwa mfasiri mmoja Jumamosi ya tarehe 6. Tafsiri kamili ilitoka tarehe 11.

Na hata hizo za daraja la juu zilisomwaje? Jeshi la nchi kavu lilifumbua za tarehe shufwa, jeshi la majini za tarehe witiri, kwa sababu hakuna aliyekubali kumwachia mwenziwe. Tafsiri zilibebwa katika mikoba yenye kufuli. Mkubwa anasoma, tarishi amesimama anangoja, karatasi inarudi mkobani. Wakati fulani karatasi moja ilikutwa kwenye kapu la taka la msaidizi wa Rais, jeshi la nchi kavu likasusa kupeleka nyingine Ikulu. Hakuna mkubwa aliyekuwa na jalada la kukaa nalo jioni, akaiweka barua ya Honolulu ya Septemba kando ya ile ya Novemba ya Nomura. Hapo ndipo ninapomwona mkosaji, kama ni lazima apatikane: siri ililindwa hata dhidi ya wale iliyokusudiwa kuwaokoa.

Usiku wa tarehe 6, sehemu 13 kati ya 14 za ile barua ya mwisho ya Tokyo zilimfikia Roosevelt. Ofisa aliyempelekea alitoa ushahidi baadaye kwamba Rais alimgeukia mshauri wake Harry Hopkins akasema maana yake ni vita, na kwamba Pearl Harbor haikutajwa kabisa. Asubuhi ikaja sehemu ya 14, pamoja na agizo la saa 7 mchana. Alwin Kramer wa jeshi la majini alipiga hesabu akaona ni asubuhi mapema Hawaii. Kanali Rufus Bratton wa jeshi la nchi kavu alimtafuta mkuu wa jeshi hilo, Jenerali George Marshall, akaambiwa yuko nje, amepanda farasi. Marshall alifika ofisini baada ya saa 5, akaisoma barua yote, akaandika tahadhari. Simu hakuitumia kwa kuogopa kusikilizwa. Redio ya jeshi kwenda Hawaii ilikuwa imezibwa na mikwaruzo ya hewa. Basi tahadhari ikapitishwa kwa kampuni ya simu za maandishi ya kawaida, bila alama ya haraka, kama salamu za arusi. Ilipofika Honolulu ilikabidhiwa kwa kijana mwenye pikipiki, ambaye wazazi wake walikuwa Wajapani, naye akakuta barabara zimefungwa na mabomu yanaanguka. Wamarekani 2,403 walikufa siku hiyo.

Nomura na Kurusu nao walichelewa, maana ubalozini kwao aliyekuwa akichapa ni ofisa asiye mchapaji. Walimfikia Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Cordell Hull, saa 8 na dakika 20, na ikambidi Hull ajifanye anaisoma barua kwa mara ya kwanza.

Hitimisho la mwandishi ni lake, wala sitaki lifutwe. Ila naomba toleo lijalo mrekebishe ile saa.

Wasalaam,
Mstaafu wa simu za maandishi,
Mombasa