Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayekusanya mchanga

Mpwa wangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumai u mzima wa afya na masomo yako yanaendelea vyema. Nakuandikia hadharani, wala si kwa simu kama ilivyo desturi yetu, kwa sababu maneno uliyoambiwa siku ya arusi yalisemwa mbele ya watu wengi, na naona jibu lake nalo lisikike na wengi. Uliambiwa kwamba chupa zako ni uchafu, kwamba mtu wa umri wako hana sababu ya kubeba mchanga kutoka Mambrui, kule kaskazini ya Malindi, hadi Mji wa Kale hapa Mombasa, na mmoja wa wazee wetu, kwa nia njema kabisa, alikuuliza kama kuna mtu anayekutuma. Ulinyamaza kwa adabu. Mimi nakuomba usizitupe chupa zile, na nakuomba pia jambo la pili ambalo kwangu lina uzito zaidi: kila chupa iandikwe mchanga wake umetoka wapi, siku gani, na sehemu gani ya ufuo.

Kwanza niwaambie jamaa zetu kwamba hakuna kitu ambacho binadamu hajakikusanya. Yuko Mholanzi aitwaye Niek Vermeulen aliyekusanya zaidi ya mifuko 6,000 ya kutapikia abiria wa ndege, kutoka mashirika ya ndege zaidi ya 1,000. Yuko Mjapani, Teiichi Yoshizawa, aliyekusanya karatasi za viberiti zaidi ya 700,000. Katika mji mdogo wa La Crosse, jimbo la Kansas huko Marekani, ipo makumbusho nzima ya seng'enge, nayo ina aina zaidi ya 2,000 za waya huo ambao sisi hupita kando yake kila siku bila kuutazama. Hapa kwetu Kenya, Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya stempu, sanaa za Kiafrika na vitabu vinavyozidi 50,000, na leo watu huingia katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi kuitazama sehemu ya mali hiyo. Simlinganishi mtu na mtu. Nasema tu kwamba anayekusanya kwa makini hajafanya jambo la aibu, hata kama kitu chenyewe ni duni machoni pa wengine.

Lakini mchanga si kitu duni, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Wanajiolojia huita mchanga chembe yoyote yenye upana wa kati ya milimita 0.06 na milimita 2, bila kujali imetokana na nini. Maana yake ni kwamba chupa zako mbili zinaweza kuwa na vitu visivyohusiana kabisa. Chukua ule mweupe wa Diani, uweke chembe chache kwenye kisosi na uzidondoshee siki au maji ya ndimu. Utaona mapovu. Chembe zinazotoa povu ni za asili ya chokaa: vipande vya matumbawe, magamba ya kome na konokono wa baharini, mwani wenye mwili mgumu, na nyumba za viumbe vidogo sana viitwavyo foraminifera, ambavyo utaviona vizuri kwa kioo cha kukuzia. Nyingine zimepita tumboni mwa samaki. Pono huguguna mwamba kwa meno yake yaliyoungana, hula mwani na kilicho hai ndani yake, kisha hutoa unga wa jiwe. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Wavuvi wetu wanamjua pono kwa ladha yake, na ni haki wamjue pia kwa kazi hiyo.

Sasa chukua ule wa Malindi na Mambrui. Huo unametameta kwa sababu una ulanga, yale madini ya vipande vyembamba ving'aavyo, na chembe zake nyingi zimetoka bara. Mto Sabaki unaomwaga maji kaskazini ya Malindi ni ule ule unaoitwa Athi huko juu karibu na Nairobi, kisha Galana baada ya kukutana na mto Tsavo. Kwa hiyo chupa yako ya Mambrui ina mchanga wa milima na mashamba ambayo huenda hujawahi kuyakanyaga. Tena kuna jambo la kuhuzunisha ndani yake. Watafiti walitoboa tumbawe lenye umri wa takriban miaka 300 karibu na Malindi, wakapima bariamu, elementi inayoletwa baharini pamoja na udongo wa mto, iliyojikusanya katika tabaka zake mwaka baada ya mwaka, na wakakuta kwamba udongo unaochukuliwa na mto uliongezeka sana tangu mwanzo wa karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipoanza kukatwa miti na kulimwa kwa nguvu chini ya utawala wa kikoloni. Tumbawe lile liliweka kumbukumbu kwa kupanga kila kitu kwa zamu yake, na ndiyo sababu liliweza kusomwa.

Ile michirizi myeusi uliyoikuta Mambrui na ukadhani ni mafuta ya meli, nayo ni madini mazito. Ipitishie sumaku yenye nguvu uone baadhi ya chembe zikirukia. Mchanga wa jamii hiyo ndio uliochimbwa Kwale: ilmenaiti, rutaili na zikoni, ukapakiwa melini pale Likoni kuanzia mwaka 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Katika ilmenaiti hiyo nyeusi hutengenezwa unga mweupe kupita kiasi unaotiwa katika rangi za nyumba. Kila nikitazama ukuta uliopakwa upya, nafikiria mchanga mweusi, na nasikitika kwamba watoto wengi wa Kwale waliyaona malori yakipita miaka kumi bila mtu kuwaonyesha kilichomo ndani.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya darasani tu. Basi wasome habari ya maputo. Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945 Japani ilirusha maputo ya karatasi takriban 9,000 yaliyobeba mabomu, yakasukumwa na upepo wa juu kuvuka bahari ya Pasifiki hadi Marekani. Kila puto lilining'iniza mifuko ya mchanga iliyokuwa ikiangushwa mmoja mmoja ili puto lisishuke. Wamarekani hawakujua yanarushwa kutoka wapi. Mchanga uliobaki katika baadhi ya mifuko ulipelekwa kwa wanajiolojia wa kijeshi, miongoni mwao Julia Gardner, bingwa wa magamba ya viumbe vya kale. Waliutazama chembe kwa chembe: madini gani yamo, diatomu gani (mwani mdogo sana wenye ganda kama kioo), foraminifera gani. Hawakuona hata kipande kimoja cha tumbawe, na kwa kuwa matumbawe humea katika bahari zenye joto, wakaziondoa fuo zote za kusini ya Japani katika hesabu yao. Mwishowe walitaja fuo chache za mashariki ya kisiwa cha Honshu, na mojawapo, Ichinomiya, kweli ilikuwa mahali pa kurushia. Waliweza kufika hapo kwa sababu miaka mingi kabla ya vita kulikuwa na watu waliochota mchanga na matope ya fuo hizo, wakaviandika na kuvichapisha, bila kujua vitakuja kutumiwa na nani.

Zingatia hapo neno kuandika, mwanangu. Chupa zako ni nzuri kuzitazama zikiwa zimepangwa dirishani, lakini ukinyanyua moja na kuniambia "huu nadhani ni wa Tiwi, au wa Kikambala", umeshapoteza robo tatu ya ulichokikusanya. Andika jina la mahali na kijiji kilicho karibu, tarehe, na kama ulichota kwenye mstari wa maji ya bamvua, katikati ya ufuo, au chini maji yalipokuwa yamekupwa, kwa maana chembe nzito na nyepesi hazilali pamoja. Andika pia kama ilikuwa msimu wa kusi au wa kaskazi. Ufuo wetu haukai vile vile mwaka mzima. Upepo na mikondo ikigeuka, mchanga huhamishwa, na mahali palipokuwa pana mwezi wa Februari panaweza kuonyesha mwamba mtupu mwezi wa Julai. Tumia penseli kwenye karatasi ngumu, uitie ndani ya chupa, kwa sababu wino hufifia na karatasi iliyobandikwa nje hubanduka kwa joto letu. Na kabla ya kufunga, suuza mchanga kwa maji ya mfereji mara kadhaa kuondoa chumvi, uanike kivulini mpaka ukauke kabisa. Wakusanyaji wa nchi nyingine hubadilishana vipimo vidogo vya kama mililita 30, na kwa kazi yako kiasi hicho kinatosha.

Wazee wetu wanaopenda kumnukuu Muyaka wanaweza kulielewa hili kuliko wanavyodhani. Mshairi huyo alifariki kabla ya nusu ya karne ya 19, na sehemu kubwa ya mashairi yake tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa hapa hapa Mombasa aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu na kumsaidia mmisionari William Taylor kuyaandika pamoja na maelezo yake. Bila maelezo hayo, beti nyingi zingekuwa fumbo kwetu, kwa kuwa zilitungwa juu ya ugomvi, safari na masihara ya watu maalumu wa mji huu.

Nakuja kwa nyanya yako, na hapa nakuomba utulivu. Yeye naye alizikasirikia chupa zako, lakini hakukasirishwa na vumbi. Aliogopa, kwa sababu amekulia katika mji ambao watu huamini kwamba mchanga wa unyayo wa mtu ukichukuliwa unaweza kutumiwa kumdhuru, na mtoto anayehifadhi michanga ya mahali mbalimbali ndani ya vichupa vya dawa lazima atamshtua mtu wa rika lake. Usimcheke wala usimpe somo la sayansi. Keti naye alasiri moja, mpe kioo cha kukuzia, mwonyeshe magamba madogo yaliyomo katika mchanga wa Diani, msomee karatasi ya kila chupa, na mwambie ulichota pwani kwenyewe, mbali na vizingiti na njia za watu. Nimemjua mama yangu maisha yangu yote, naye ni mtu mwenye udadisi mkubwa kuliko sisi sote. Karatasi yenye jina la mahali na tarehe itamtuliza kuliko maneno yangu, kwa sababu anayefanya jambo la siri haandiki.

Kwa sababu hiyo hiyo kuna mahali ambapo hutachota hata chembe. Msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, ni mmoja. Makaya ya Wamijikenda yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, lakini hata kabla ya hapo wenyewe walikuwa na sheria zao, na mgeni wa Kaya Kinondo huambiwa waziwazi asitoke na kitu chochote. Makaburini ni pa pili, na magofu kama ya Gede ni pa tatu. Bahari ya mbele ya Nyali na Bamburi nayo iko chini ya hifadhi tangu mwaka 1986, kwa hiyo usichukue kitu kabla ya kuwauliza maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na wakikataa, piga picha uandike maelezo, kisha uondoke. Magamba mazima na matumbawe usiyaguse popote: kaa duvi anahitaji gamba kuliko wewe. Huko Sardinia, Italia, watalii walibeba mchanga mwingi mno hata serikali ya kisiwa ikaweka faini, na mwaka 2019 watu wawili kutoka Ufaransa walikamatwa na kilo 40 hivi katika gari lao. Hao hawakuwa wakusanyaji. Mkusanyaji huchukua kijiko na kuacha ufuo kama alivyoukuta.

Nimekununulia chekecheke ndogo tatu za matundu tofauti na sumaku moja, na nimezungumza na mama yako kuhusu rafu ile ya chini ya ngazi, ambayo amekubali iwe yako. Anza na zile chupa ambazo bado unakumbuka vizuri zimetoka wapi. Zile ambazo huna hakika nazo ziweke pembeni, usizibunie jina. Kusi ikishika tutakwenda Likoni na Tiwi, pale pale ulipochota wakati wa kaskazi, tukiwa na ruhusa ikihitajika, ili tulinganishe chupa ya msimu mmoja na ya mwingine. Niambie ni Jumamosi gani huna darasa, na uje na daftari.

Wasalaam,
Mjomba wako