Omutibo si zilizopendwa peke yake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako nitoe jambo ambalo limenikaa rohoni. Jumapili iliyopita nilipigia simu stesheni moja ya redio, kipindi cha zilizopendwa, nikaomba wanichezee Johnstone Mukabi, anayepiga omutibo, ule mtindo wa gita wa Waluhya wa huku Magharibi mwa Kenya. Mtangazaji akasema sawa mzee wangu ngoja tu, nikangoja, kidogo nikasikia Sengula Nakupenda inaanza, na hiyo ni ya babake, marehemu George Mukabi. Naipenda sana, inapigwa nyumbani kwetu tangu nikiwa mtoto, lakini mimi niliomba wimbo mpya wa mwanawe. Kupiga simu tena naambiwa ati omutibo iliisha na wale wazee.

Haijaisha jamani! George Mukabi alifariki 1963 ndio, mwaka ule ule tulipopata uhuru, lakini mwanawe yupo na gita analo, anaimba zile za babake na anatunga zake. Na si yeye peke yake, huku kwetu Magharibi ukienda matangani au siku ya soko unaweza kupata mtu amekaa kwa kigoda anacharaza hivyo hivyo.

Mjomba wangu mmoja alikuwa hivyo. Kidole gumba kinashika besi, kinatembea bila kusimama, cha shahada ndicho kinaimba, hivyo viwili tu, na ukifumba macho utaapa ni magita mawili. Akitaka kupandisha sauti anafunga penseli na mpira juu ya nyuzi pale shingoni. Halafu lazima kuwe na mtu wa chupa, ile Fanta ya zamani ya glasi yenye mistari, inakwaruzwa na msumari. Siku hizi soda nyingi ni za plastiki kwa hivyo yake alikuwa anaifunga kwa kitambaa ndani ya sanduku pamoja na nguo za kanisa, na sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuigusa.

Kinachoniuma zaidi ni watu wanaosema gita ni kitu ya wazungu eti si utamaduni. Isukuti, ile ngoma ya Waisukha na Waidakho, Waluhya wa huku Kakamega, UNESCO waliiweka 2014 kwa orodha ya urithi unaotakiwa kulindwa haraka, na nilifurahi sana, lakini sikiliza vizuri kile kidole gumba cha omutibo, si ni mwendo ule ule wa ngoma umehamia kwa nyuzi? Ni kweli sahani za santuri za Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wa Katanga kule Kongo, ambaye Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi 1952, zilifika huku na wazee wetu wakazisikiliza sana, ila hawakuzinakili wakaishia hapo, walitia mdundo wa kwao na maneno ya kwao, Kiluhya na Kiswahili, habari za mapenzi, wakwe na pesa. Hivyo ndivyo nyimbo za asili zinaishi, mtu anashika ya babake halafu anaongeza yake. Mkicheza za 1960 pekee huyu wa leo atakula nini? Na kijana wa miaka kumi na tano atajuaje kwamba hiki kitu bado kinatungwa?

Kwa hivyo ombi langu kwa watangazaji, mkicheza moja ya baba basi chezeni na moja ya mtoto, zifuatane, hata dakika tatu tu. Na kaunti zetu zikiita hawa watu kwa sherehe ziwalipe kama zinavyolipa wasanii wa Nairobi, si nauli na sahani ya chakula. Na wewe Bwana Mhariri tuma mwandishi wako huku akae na mmoja wao mchana mzima, apige picha ya hiyo mikono kwa karibu. Mjomba wangu alituacha kabla mtu yeyote hajamrekodi, chupa yake ninayo mimi.

Msomaji wako wa kila siku,
Kakamega