Ami haniiti tena kwa jina, naitwa "anayelipwa"

Shikamoo shangazi.

Nakuandikia alfajiri, usingizi umegoma tangu jana na mtu wa kumwambia sina. Watu wa pwani unatujua, na ami kwetu ni nani unajua, kwa hiyo sitaeleza sana. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Ndiye aliyeniingiza topeni nikiwa mdogo akanionyesha aina za mikoko: huu mchu, huu mlilana, huu mkandaa, huu ndio mkoko wenyewe. Leo ami huyohuyo akiulizwa neno lolote la baharini, hata nikiwa nimesimama hapo, anajibu: "Muulizeni anayelipwa." Jina langu halitaji. Mara ya mwisho kulikuwa na wageni wamekuja kutazama kazi. Mmoja akamuuliza kwa adabu kabisa kwa nini mikoko ya nyuma ya mkondo imestawi vile, naye akaninyooshea mkono: "Muulizeni anayelipwa." Nilitamani ardhi inimeze.

Kwani kulipwa ni haramu? Nieleze shangazi, labda mimi ndiye nisiyeelewa. Tulipanda mikoko na kikundi cha ami miaka mingi bila senti, kila maji yakipwa vizuri tuko topeni hadi magotini. Sikuwahi kunung'unika. Mradi wa tabianchi wa kupanda mikoko ulipokuja, ukatangaza nafasi za vijana wasiozidi miaka 35, mkataba wa mwaka mmoja, posho ya kila mwezi, buti na fulana. Huo umri sikuuweka mimi. Nikaomba kama walivyoomba wengine, nikahojiwa, nikapata, na baadaye wakanifanya kiongozi wa kikosi. Kabla sijatia saini nilikwenda kwa ami nikamwambia kwa heshima zote. Akasema, "Mungu akufungulie." Sasa haya ya "anayelipwa" yametoka wapi?

Nilijaribu kumweleza kwamba duniani watu wanalipwa kwa kazi hii na si aibu. Nikamtajia Gazi, kule Kwale, ambako Mikoko Pamoja ilianza 2013, wenyeji wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa chafu ambayo msitu wao unaifyonza na kuihifadhi, na fedha zinakwenda kwenye maji na shule. Vanga nao wakafuata. Mbona hao hakuna anayewasema? Ami akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Gazi wanalipwa kwa msitu uliosimama. Nyinyi mnalipwa kwa miche iliyochomekwa." Akainuka akaenda zake. Maneno hayo yananirudia kila nikifumba macho.

Usidhani ami ni mzee anayeongea ovyo. Alikuwa mkata boriti za mikoko huyu, tangu kabla serikali haijapiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Mikoko anaijua kwa mikono. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilipojaza udongo kwenye mikoko ya Mwache, karibu na Mombasa, ikafa imesimama, alikwenda kujionea, na hadi leo anaisimulia. Anasema mizizi ya mkoko inapumua, ukiifunika umeiziba pua. Hilo hata mafunzo ya mradi yalitufundisha, tena kwa picha.

Sisi tumepangiwa kupanda mbele, ule uwanja unaotazama bahari kuu. Maji yakipwa unaonekana mpana, umenyooka, kazi inakwenda haraka. Mnatandaza kamba yenye fundo kila mita, kila penye fundo mnachomeka mche mmoja, na asubuhi moja kikosi kinamaliza eneo kubwa ajabu. Ami anasema pale si pa mkoko, ni pa mlilana, na mlilana mbegu yake ni ndogo, haichomekwi kama mkuki, unailea kitaluni kwanza. Anasema mkoko unataka maji yapande yaondoke, na pale mbele maji yanakaa mno, mawimbi yanautikisa kabla haujashika, na mchanga unatembea.

Mimi eneo sikulichagua. Ramani ilikuja imeshachorwa. Na usifikiri nilikaa kimya, nilimwambia msimamizi. Maana nilikuta miche ya mwanzo imevaa utelezi wa kijani, shina limejaa vile vigamba vyeupe vinavyochana vidole, majani mawili yamekunjamana. Nikaushika mmoja kwa vidole viwili tu, ukatoka. Chini hapakuwa na mzizi hata kama unywele. Msimamizi akasema eneo lilishapitishwa juu, na palipokufa tutajazia. Tukajazia. Na ile ya kujazia nayo ikahesabiwa upya, kwa sababu fomu ina sehemu ya kuandika miche iliyopandwa, ya miche iliyo hai haina. Ninaandika kinachoulizwa. Kama fomu ingeuliza iliyo hai, ningeandika iliyo hai. Ami angesoma hiyo fomu asingeniita hivyo anavyoniita.

Na tena, nitalisema hili kwako tu. Dawa za presha za ami zinatoka kwenye posho hiyohiyo. Kila mwezi nampelekea, anapokea, anasema ahsante, na kesho yake mbele za watu naitwa anayelipwa. Simsimangi, wallahi simsimangi, amenilea. Lakini hata wewe ungeumia. Nimewahi kufikiri nimwambie abaki na maneno yake nami nibaki na posho yangu, halafu mwezi ukiisha naona miguu inanipeleka kwake na dawa mkononi.

Marafiki wananiambia niache kazi niishi kwa amani. Sitaki kuacha. Nikiwaacha wale vijana nani atawaambia mkandaa haupandwi pale panapozama kila siku? Wengi wao mikoko walikuwa hawaijui, walikuwa wanaipita tu wakienda kuvua. Sasa wanabishana wenyewe kwa wenyewe mbegu ipi imekomaa na ipi bado, wanaikagua kwenye shingo kama imegeuka rangi. Hiyo ni kazi yangu, na ninaijali kwelikweli. Bahari inapanda, kisima cha karibu na ufuo kimeshaingia chumvi, na ile mikoko ikiondoka mbele yetu hakuna kitu kingine kitakachovunja nguvu ya mawimbi. Najua pia kwamba tope la mikoko limehifadhi kaboni nyingi kuliko hata miti yenyewe inayoonekana juu, ndiyo maana wakubwa wanaitafuta. Ami hayo ya kaboni hayamshughulishi sana, lakini tukikaa tukazungumza hatupingani hata kidogo. Ndiyo maana sielewi kwa nini mimi ndiye niwe adui.

Sasa hivi kuna karatasi. Mradi unataka kuongeza eneo, na eneo lenyewe ni lile la nyuma ya mkondo. Lile ambalo kikundi cha ami, na mimi nikiwemo, tulizibua mfereji wa zamani kwa majembe ili maji yaingie na kutoka, hatukupanda mche hata mmoja, na michu ikaanza kuota yenyewe. Wanataka tupitishe kamba pale tuchomeke mikoko katikati ya ile michu, ihesabiwe. Pale inatakiwa ridhaa ya kikundi kilichokuwepo, na mwenyekiti wa kikundi ni ami. Msimamizi akaniita pembeni: "Mpelekee wewe, ni ami yako, wewe hatakukatalia." Wiki hiyohiyo mikataba yetu inaangaliwa upya. Hakuna aliyesema mambo hayo mawili yanahusiana, na mimi sijauliza.

Karatasi iko hapa mezani ninapoandika. Nikimpelekea akatia saini kwa kunipenda, nitawezaje kuingia pale na kamba? Akikataa, wataandika kwamba kiongozi wa kikosi hakushirikiana. Nisipoipeleka, atapelekewa na mtu mwingine, ataambiwa nimemtuma, na ami ataamini, kwa sababu siku hizi baya lolote juu yangu analiamini. Wakati mwingine naomba atie saini tu yaishe, aniite kwa jina langu. Dakika ileile naomba aichane mbele yao wote. Na kama ataichana, sijui nitafurahi au nitalia kazi.

Ninachotaka ni aniombe radhi. Hapana, sitaki mzee wa umri ule aniombe radhi, haifai. Nataka aseme mara moja tu, mbele ya watu walewale, kwamba huyu ni mtoto wangu na anaijua mikoko. Basi.

Niambie shangazi, niipeleke hii karatasi au niirudishe kwa msimamizi na kumwambia sitaipeleka? Na nikiipeleka, nimweleze ami waziwazi ninavyoliona eneo lile kabla hajashika kalamu, au ninyamaze asije akasema anayelipwa amekuja kujisafisha? Wanaitaka Ijumaa. Tafadhali usiniambie nikakae na wazee wanipatanishe, maana mzee ambaye wengine wote wanamsikiliza ndiye huyohuyo.

Mtoto wa matopeni