Ziara za video darasani zisikose sauti za wazee wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ziara za wanafunzi, hasa hizi za siku hizi ambazo mtoto anazifanya akiwa amekaa kwenye dawati lake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Lindi. Nafundisha Darasa la Sita, na huu ni mwaka wangu wa 17 kazini.

Mwaka jana tulipanga kuwapeleka watoto Kilwa Kisiwani. Mchango ulikuwa shilingi 25,000 kwa kila mtoto: basi, mashua na chakula, vyote humo humo. Darasa lilikuwa na watoto 58, waliolipa ni 21. Asubuhi ya safari wale 37 walikuja vilevile, wamevaa sare zimepigwa pasi, wakasimama kando ya ukuta wa shule kuwatazama wenzao wakipanda basi. Jambo lile linanikaa moyoni mpaka leo. Na kule Kisiwani, ndani ya Msikiti Mkuu, binti mmoja aliweka kiganja kwenye ukuta akaniambia, "Mwalimu, haya ni matumbawe, kama yale ya kwenye msingi wa nyumba ya babu." Nilikuwa nimefundisha wiki mbili kwamba mji ule ulijengwa na wenyeji wa pwani hii kwa mawe ya bahari yao wenyewe. Yeye alilielewa kwa kiganja. Nikawaza, wale 37 watalielewa kwa kitu gani?

Ndipo nikaanza kuhangaika na projekta. Niliiazima kwenye kituo cha walimu, tukatandika shuka jeupe juu ya ubao, kina mama wawili wakatuletea khanga za kuziba madirisha. Siku ya kwanza nilitegemea intaneti ya simu yangu. Kile kiduara cha kusubiri kilizunguka karibu kipindi kizima, na watoto wangu, kwa adabu yao, wakakaa kimya wakikitazama. Tangu siku hiyo kila kitu nakipakua mapema nikiwa mjini, nakihifadhi kwenye flashi na kwenye kishikwambi. Mwalimu mwenzangu anayetaka kuanza, naomba aanze hapo. Na asitegemee kwamba kilichoko mtandaoni leo kitakuwapo kesho: programu ya Google Expeditions, iliyotengenezwa mahususi kwa ziara za madarasa, ilifungwa mwaka 2021.

Safari yetu ya kwanza iliyofanikiwa ilikuwa ya kwenda Berlin, kumtazama mjusi wetu.

Wasomaji wa Lindi wanajua ninayemsema. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi mjini. Ilisafirishwa zaidi ya tani 200. Mmoja wao amesimamishwa katika makumbusho ya Museum für Naturkunde tangu mwaka 1937, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka chini hadi kichwani. Mjadala wa kumrudisha umefika mpaka bungeni, lakini mtoto wa Lindi hajamwona. Mwaka 2016 makumbusho hayo na Google walitengeneza video ya nyuzi 360 ambamo mifupa ile inavishwa nyama na ngozi, kisha mjusi anatembea ndani ya ukumbi.

Niliigeuza picha taratibu kwa kipanya, kutoka miguuni kwenda juu. Shingo ilipanda, ikapanda, mpaka watoto wa mbele wakajikuta wamelalia migongo yao kwenye madawati ya nyuma. Mnyama alipoinamisha kichwa, kijana mmoja alinyanyuka akaenda kugusa shuka. Baadaye nikawapa kishikwambi watano watano, wakawa wanakiinua juu na kugeuka nacho wenyewe kutafuta mkia. Sikuwa na haja ya kumnyamazisha mtu.

Kisha likaja swali. "Mwalimu, nani aliibeba mpaka melini?"

Maelezo niliyokuwa nimeyapakua yalikuwa ya Kiingereza. Yaliniambia umri wa mifupa, miaka milioni 150, na uzito wa mnyama. Juu ya wabebaji, hakuna. Nilijibu kwa ninachokijua: kwamba mamia ya watu wetu walichimba, kwamba msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, kwamba mifupa ilifungwa na kubebwa na wapagazi kwa mguu mpaka bandari ya Lindi. Na kwamba kazi hiyo ilianza miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kwisha, wakati watu wa huku walikuwa bado wanazika na wana njaa. Darasa likatulia namna nyingine.

Kesho yake, kabla ya kengele, bibi mmoja alinifuata ofisini. Umri wake unakaribia miaka 80. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akakaa, akasema, "Mwanangu, mjukuu kaniambia jana mmeiona ile mifupa. Basi babu yangu mimi alikuwa mmoja wa walioibeba." Nilimwomba aje awaambie watoto. Alikuja Ijumaa. Niliwasha tena picha ileile, nikaisimamisha kwenye mfupa wa paja, naye akasimama pembeni ya shuka akawaeleza alivyosikia kwa babu yake: jinsi mfupa mkubwa ulivyofungwa kwenye mti ukabebwa na watu wawili wawili wakipokezana, na jinsi walivyokuwa wakiimba ili miguu iende pamoja. Akaimba kidogo, kwa Kimwera. Wengine darasani waliujua ule wimbo, unaimbwa mpaka sasa shambani, wakamwitikia. Mjusi wa Berlin akiwa amesimama ubaoni.

Ndugu Mhariri, hicho ndicho ninachotaka wakubwa wasikie. Teknolojia hii ina faida, nimeiona kwa macho yangu, tena kwa watoto 58 wote bila kuuliza nani kalipa. Kuna mahali ambapo hata nauli haisaidii. Nyayo za Laetoli, zile za mababu wa kale wa binadamu za miaka milioni 3.6 zilizofukuliwa mwaka 1978, zimefukiwa tena kwa udongo ili zisiharibike. Hata ukifika huko huzioni isipokuwa kwa picha na nakala. Lakini sehemu kubwa ninayoipata imesimuliwa na wageni, kwa lugha ambayo mtoto wa Darasa la Sita bado anaipapasa, na inaruka lile ambalo mtoto anauliza kwanza.

Naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania ishirikiane na Makumbusho ya Taifa, wapige video za Kilwa Kisiwani, za michoro ya kale ya miambani ya Kondoa, za Laetoli, za Tendaguru penyewe, kwa Kiswahili. Dakika kumi kumi zinatosha. Zaidi ya hapo mwalimu hapati muda wa maswali. Ziwekwe kwenye flashi zipelekwe vituo vya walimu, shule isiyo na intaneti iende ikachukue. Walimu wengi tuna vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, kwa hiyo cha kuonyeshea tunacho. Na wanaosimulia wawe watu wa mahali penyewe: nahodha anayevusha watu kwenda Kisiwani, mzee wa Kondoa ambaye wazazi wake walitambika kwenye miamba ile, wajukuu wa wapagazi wetu.

Wala nisieleweke kwamba mabasi sasa yaachwe. Mwaka huu nimewaonyesha watoto picha za Kilwa kabla, ili wanaokwenda wajue cha kutafuta, na nimewaagiza warudi na majibu ya maswali ya wenzao wanaobaki. Halmashauri ingelipa nauli ya basi moja kwa kila shule kwa mwaka, hakuna mtoto angesimama ukutani.

Yule bibi nilimrekodi kwa simu, kwa idhini yake. Ni dakika 23, na upepo wa dirishani unasikika mahali fulani, lakini maneno yote yanaeleweka. Yupo tayari kurudia mbele ya kamera nzuri, ila miguu inamsumbua, hivyo wapigapicha itabidi wamfuate kijijini. Ameniuliza mara mbili kama wataanza kabla ya masika.

Mwalimu wa Darasa la Sita,
Lindi