Barua kwa mwanangu: lenzi ya kumpigia bibi picha

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku Mikindani sote wazima, na bibi yako anakusalimia sana. Malipo ya korosho yametoka, kwa hiyo ile hela ya lenzi niliyokuahidi ipo. Umeniuliza uchukue ipi: ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ile pana ya milimita 24, au lenzi kuukuu ya Helios uliyoiona Kariakoo. Kumbuka, milimita zikiwa chache lenzi inaona eneo pana, na namba ya f ikiwa ndogo tundu la kupitisha mwanga ni kubwa. Nitakujibu kwa kirefu, maana unakuja kumpiga picha bibi, na kazi hiyo naitaka itoke vizuri.

Utasikia watu wakisema lenzi pana inaharibu sura. Kinachobadilisha sura ni umbali kati yako na mtu. Lenzi pana inaona eneo kubwa, basi ili uso ujae kwenye picha inakubidi umsogelee mtu karibu kumgusa. Hapo pua inakuwa karibu na kamera kuliko masikio kwa mbali sana, nayo inatoka kubwa huku masikio yakijificha nyuma ya mashavu. Ukiwa na lenzi ndefu unarudi nyuma, na tofauti hiyo inakuwa ndogo mno. Jaribu mwenyewe kwa lenzi iliyokuja na kamera yako. Simama palepale, piga kwa milimita 18, kisha vuta hadi 55 upige tena. Ile ya 18 ikate, ubakize katikati tu. Utakuta pua, masikio na mti ulio nyuma vimepangana sawasawa katika picha zote mbili, ila ile uliyoikata haitakuwa kali kama mwenzake.

Sasa mfikirie bibi. Nembo zake za mashavuni zilichanjwa kwa mpango, pembe ndani ya pembe, zikitoka kando ya pua kuelekea masikioni. Ukimpiga kwa lenzi pana huku umemkaribia, mistari ya karibu na pua itavimba na kuachana, ya karibu na sikio itabanana, na atakayeitazama picha atadhani fundi aliyechanja hakujua kazi. Alijua sana. Rudi nyuma mita mbili hivi na nembo zinakaa kama zilivyochanjwa. Kwangu hilo ni suala la heshima kabla ya kuwa la ufundi. Wamakonde wenye nembo kama zile waliobaki ni wazee, na picha yako huenda ikatazamwa na watu wasio na uso mwingine wa kulinganishia.

Kamera yako ina sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kwa hiyo milimita za kila lenzi unazizidisha kwa 1.5. Milimita 50 kwako inabana kama 75 ingebana kwenye fulu fremu, yaani kamera yenye sensa kubwa, jirani kabisa na 85 ambayo wapiga picha wengi huitegemea kwa nyuso. Ndiyo maana moyo wangu uko kwenye 50. Ni nyepesi, haina bei ya kutisha, na itakusimamisha mahali panapofaa bila wewe kuwaza.

Halafu kuna mwanga. Lenzi uliyonayo, ukivuta hadi 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Tundu la f/1.8 linaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Kwenye ngoma ya usiku, taa moja uwanjani na watu hawatulii, hapo ndipo utaona kazi yake. Lakini mchana usilifungue lote kwa sababu tu unaweza. Ukiwa mita moja kutoka kwa mtu, kwa f/1.8 sehemu iliyo kali ina kina cha kama sentimita tatu: jicho limeshika, sikio limeyeyuka, na nusu ya nembo imekwenda nalo. Kwa bibi, ukiwa kwenye zile mita mbili, tumia f/4.

Na sipendi kabisa hii tabia ya kufuta kila kilicho nyuma. Harusi inafanyika Mikindani, picha zinatoka na ukungu mtupu nyuma ya bibi harusi, hujui kama ni hapa au Dar. Bibi akikaa chini ya mkorosho wake, mkorosho uonekane ni mkorosho.

Lenzi pana siidharau. Ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kwenye nguzo na kuba, huna pa kurudi nyuma, na bila lenzi pana utaondoka na picha za vipande. Hata vichochoro vyetu vinaitaka. Angalia tu usiinue kamera juu unapopiga Boma, kuta zitaonekana zinaanguka kwa nyuma. Ishike ikitazama mbele moja kwa moja, ikibidi tafuta pa kupanda. Lakini kwa sensa yako 24 haipanui sana, inakuwa kama 36, na ile 18 uliyonayo inaipita. Usitoe hela kwa hiyo.

Helios 44-2 naifahamu. Ni ya Kisovieti, milimita 58, f/2, umbo lake lilifuata Biotar, lenzi ya kampuni ya Kijerumani ya Zeiss. Ukifungua tundu lote, majani ya nyuma yanazunguka kumzingira mtu, na wengi wanaitafuta kwa hilo. Ni nzuri, lakini fokasi, yaani kulenga ili picha iwe kali, unaizungusha kwa mkono, na jua likiipiga usoni picha inapauka. Iache kwanza, utainunua ukishakuwa na ya kazi.

Ukienda dukani chukua tochi. Ikiwa lenzi imetumika, fungua tundu lote, mulika upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona vinyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, irudishe hata kama bei ni ya kutupa. Kwa unyevu wetu huku pwani itazidi kukua, na ikishakula utando uliopakwa juu ya kioo haiponi. Zungusha pete ya fokasi usikie kama kuna mchanga. Piga picha ya ukuta wenye maandishi, kuza kwenye kioo cha kamera, tazama kona zote nne.

Nipigie ukiwa hapohapo dukani, kabla hujalipa, nizungumze na muuzaji.

Mama yako,
Mikindani