Barua ya wazi kwa dada anayetaka kulipa ada tu

Dada, shikamoo.

Umesema utamlipia ada mtoto wa ile familia kila muhula mpaka amalize. Nia njema. Ila ada ni gharama inayoonekana kuliko zote, na mara nyingi siyo inayomtoa mtoto shuleni. Kinachomtoa ni vitu vidogo vinavyodaiwa asubuhi: daftari limejaa, kiatu kimeachia soli, mchango wa mtihani unatakiwa leo leo. Anabaki nyumbani siku mbili, zinakuwa wiki, akirudi wenzake wako mbali, anaona aibu, anaacha.

Kwa hiyo kabla ya kutuma chochote, mwombe mama mtu aende kwa mwalimu wa darasa akaangalie mahudhurio ya miezi miwili iliyopita. Usihesabu tu siku alizokosa, tazama ni siku zipi. Akikosa siku ileile kila wiki, huenda kuna kibarua au gulio, na yeye ndiye anayesaidia kuuza au kulea mdogo wake. Ada haitamrudisha darasani siku hiyo. Kuna pengo la kipato au la mikono linalopaswa kuzibwa kwanza. Akikosa baada ya mvua, uliza ana sare ngapi. Kama ni msichana na anapotea siku nne au tano kila mwezi, jibu unalijua: taulo nne kwa siku kwa siku tano ni taulo 20, na pakiti ya nane au kumi haimalizi hata siku ya tatu. (Na chupi. Watu wazima huona haya kuzitaja, matokeo yake hakuna anayezinunua.)

Kwenye sare, nunua mashati mawili kabla ya kufikiria begi. Mwambie fundi aache pindo la sentimita nane kwenye suruali au sketi, alishone kwa mkono ili lifumuliwe mtoto akirefuka. Mstari wa pindo la zamani utaonekana kidogo, lakini hakuna aliyefukuzwa shule kwa hilo.

Ada ilipe shuleni moja kwa moja, upewe risiti yenye jina la mtoto na muhula. Hela ya vitu vidogo mpe mama. Meksiko walianza PROGRESA, mpango wa serikali wa kusaidia familia maskini, mwaka 1997 kwa mtindo wa kumkabidhi mama fedha, kwa sharti mtoto ahudhurie angalau asilimia 85 ya siku za masomo, na wasichana wa sekondari wakawekewa kiwango kikubwa zaidi cha fedha kwa sababu hapo ndipo walipokuwa wakidondoka. Uandikishaji wa sekondari ulipanda, hasa kwa wasichana.

Sasa mama mwenyewe. Najua unawaza kumnunulia cherehani. Subiri. Nyumba yenye njaa itaiuza cherehani hiyo siku ya kwanza mtoto akiugua. Shirika la maendeleo la BRAC la Bangladesh, tangu mwaka 2002, limefuata mpangilio mwingine kwa familia fukara kabisa: posho ya chakula kwa miezi michache, mali ya kuzalisha, mafunzo, akiba, na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara kwa takriban miaka miwili. Mpango wa namna hiyo ulipopimwa katika nchi sita, na matokeo kutolewa mwaka 2015, familia bado zilikuwa na hali bora mwaka mmoja baada ya msaada kukoma. Siri iko kwenye kuviunganisha hivyo vyote. Ukitoa kimoja, vingine vinalegea.

Akianza biashara ndogo, mfundishe hesabu hii kwa makopo matatu. Tuseme amenunua bidhaa za 600, usafiri 40, ameuza zote kwa 760. Kopo la kwanza linapokea 640 kabla ya kitu kingine chochote; hiyo ndiyo biashara ya kesho. Zinabaki 120: 80 kopo la nyumbani, 40 kopo la shule. Kwa siku 20 za kuuza, kopo la shule lina 800. Ubaya unaanzia kwenye mkopo wa jirani. Akikopesha bidhaa za 130 tu, faida yote ya siku imekwenda na mtaji umeng'atwa 10. Asiporudisha pengo, wiki ya tatu anauza nusu ya meza na hajui kwa nini.

Kopo la shule lisilale nyumbani. Atafute kikundi cha kuweka na kukopa, ule mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la misaada la CARE: watu 15 hadi 25, kila kikao mtu ananunua hisa moja mpaka tano, zinagongwa muhuri kwenye kijitabu chake mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mweka sanduku hana hata mmoja. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili wanagawana. Hapo ndipo wengi hukosea: mgawo unaangukia msimu wa sherehe, shule zikifunguliwa hela imekwisha. Mama aombe mapema, mzunguko unapoanza, mgawo uwekwe wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Na mkopo achukulie bidhaa, asichukulie ada. Bidhaa inajilipa, ada haileti marejesho wiki ijayo.

Jambo la mwisho ni wewe. Mwambie mama kwa maandishi utalipa nini na mpaka darasa gani, na kama mambo yako yakibadilika utamjulisha muhula mmoja kabla. Mwaka wa mtihani wa taifa uliza mapema tarehe ya usajili na kama jina kwenye cheti cha kuzaliwa linafanana na la shuleni. Herufi moja ikitofautiana, ni bora kurekebisha mwaka mzima kabla.

Ukishapata hayo mahudhurio, nitumie picha yake. Tuyaangalie pamoja kabla hujatuma hela.