Maiki Siyo Mbovu, Imekosa 48V

Malalamiko ni yale yale. Mteja amenunua maiki ya kondensa, amefika nyumbani, amechomeka, na sauti inatoka kwa mbali kama mtu anaongea chumba cha pili, huku mvumo umetanda juu yake. Anarudi na boksi mkononi akiamini ameuziwa kitu kibovu. Tunaichomeka mbele yake kwenye saundikadi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta), tunabonyeza 48V, yaani kitufe cha kuipa maiki umeme wa volti 48, na maiki inatoa sauti safi.

Kondensa haifanyi kazi bila umeme. Ndani yake mna kiwambo chembamba na saketi ndogo ya kukuza sauti, na umeme wa saketi hiyo unapanda kwenye waya ule ule wa XLR, yaani wa plagi ya pini tatu: pini ya 2 na ya 3 zinapeleka, pini ya 1 inarudisha. Ukitumia waya wenye XLR upande mmoja na jeki upande wa pili, 48V haifiki. Ule waya mfupi unaokuja kwenye seti za boksi moja, pamoja na stendi ya mkasi na sponji, ukiuchomeka kwenye laptopu maiki inapata volti chache tu. Baadhi ya maiki zinaamka kwa volti hizo, ndiyo maana unasikia kitu, lakini kila ukipandisha geini (kiwango cha kukuza sauti) unapandisha na mvumo.

Mwenye mita ya fundi umeme ajipimie. Washa fantomu (ndiyo hiyo 48V), maiki ikiwa haijachomekwa, weka mita kwenye DC, ncha moja pini ya 1, nyingine pini ya 2, halafu ya 3. Isome kati ya volti 44 na 52, na pini zote mbili zilingane. Ikisoma chini ya hapo, tafuta kosa kwenye mikisa au saundikadi kabla ya kuilaumu maiki.

Mahali pengine watu wanapobana pesa ni kwenye saundikadi, na hapo ndipo wanapolipa mara mbili. Focusrite Scarlett Solo na Behringer UMC22 zina tundu mbili za kuingizia sauti, lakini ya maiki ni moja tu. Ya pili ni ya gitaa la umeme au kinanda. Ukitaka kurekodi dramu unahitaji maiki mbili kwa uchache, yaani Scarlett 2i2 au UMC202HD. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko hasara ya kuuza ile ya kwanza kwa bei ya kutupa. Maiki mbili za USB nazo si njia ya mkato: kila moja inahesabu muda wake yenyewe, na wimbo ukiwa mrefu zinaachana.

Sasa maiki yenyewe. Kwa dramu na gitaa kavu (lisilo la umeme), ushauri wetu ni jozi ya maiki nyembamba za umbo la kalamu, siyo moja kubwa ya kupendeza kwenye picha. AKG P170 ina swichi ya kupunguza dB 20 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), na hiyo inasaidia sana mpigaji mwenye mkono mzito. Rode M5 zinauzwa zikiwa zimelinganishwa kiwandani. Ukitaka moja tu ya kuanzia, Audio-Technica AT2020 inavumilia hadi dB 144, kwa hiyo dramu haziisumbui. Ila kelele yake ya ndani ni dB 20. Kwenye dramu huisikii kabisa, lakini kwenye gitaa linalopigwa kwa vidole taratibu utaisikia. Rode NT1-A iko dB 5, na sehemu kubwa ya pesa unayoongeza inanunua ukimya huo.

Tunaulizwa kwa nini jozi yetu inazidi bei ya mtandaoni. Kila jozi tunaipima mbele ya spika moja, geini moja. Moja ikizidi nyenzake kwa dB 2, haitoki dukani kama jozi, kwa sababu dramu zote zitaegemea upande mmoja.

Kuzipanga ni kazi ya kamba, siyo ya macho. Maiki ya kwanza iwe juu ya sneya (dramu ndogo iliyo mbele ya mpigaji), kama mita 1 kutoka kwenye ngozi. Ya pili iwe upande wa tomu ya chini (dramu kubwa inayosimama sakafuni), ikitazama sneya. Bana kamba katikati ya ngozi ya sneya, ivute hadi kwenye kichwa cha maiki ya kwanza, piga fundo, kisha ilete hadi ya pili. Fundo lifike pale pale kwenye kichwa cha maiki ya pili. Ukikosea kwa sm 17 tu, sauti inachelewa nusu milisekunde, na ukichanganya maiki hizo mbili, mawimbi ya 1 kHz yanauana. Sneya inabaki nyembamba. Kwenye tundu la kiki (dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu) usiingize kondensa ya bei nafuu, ule upepo unaweza kuiumiza. Weka maiki ya dainamiki, isiyohitaji 48V.

Kwa gitaa kavu, kaa sm 20 hadi 30, elekeza maiki kwenye freti ya 12 (utepe wa chuma wa 12 kwenye shingo ya gitaa). Ukielekeza tundu la gitaa unakusanya mvumo wa hewa ya ndani, na hauondoki vizuri kwenye miksi. Chumba cha vigae kinahitaji godoro lisimamishwe nyuma ya mpigaji.

Wateja wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa wana adui mwingine: unyevu. Maiki ikianza kutatarika kama mafuta ya moto, mara nyingi kiwambo kimeshika unyevu. Ifungie kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya silika jeli, uiache siku nzima, kisha ijaribu tena kabla ya kutuletea. Usiipulize kwa mdomo, usiipitishie draya ya nywele, usifute kiwambo kwa spiriti. Dhamana yetu ni miezi 6, lakini kiwambo kilichofutwa kwa spiriti hatukipokei.